Mtani Asiye na Breki

Safari wa Makorora hakuwa mzuri wa sura, na mimi nina haki ya kusema hivyo. Yeye Mdigo, sisi Wabondei. Tumekuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani ukimsifu bila kumtia doa unamkosea adabu. Basi nianze na doa. Alikuwa na masikio mapana, miguu ya matege, na kelele nyingi kuliko mtu mmoja anavyozihitaji. Alikuwa pia mwendesha baiskeli hodari kuliko wote niliowahi kuwaona, lakini hilo nalisema mara moja tu na sitalirudia.

Kazi yake ilikuwa kupandisha papa mkavu mlimani na kushusha iliki. Alianzia Tanga mjini, nyumbani kwake Makorora, gunia la papa limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Siku ya kwanza aliondoka usiku, akafika Muheza asubuhi, akashinda na kulala kwetu. Siku ya pili alipanda hadi Shebomeza, juu kule Amani, kwenye ukungu na mashamba ya chai, ambako watu walikuwa na iliki ya kutosha na hamu kubwa ya kitoweo cha baharini. Akirudi, nyumba yetu ilinukia iliki badala ya kunuka papa, na mama yangu, Mboni, alikuwa akisema hiyo ndiyo sababu pekee ya kumfungulia mlango.

Baba yangu, Rahimu, alikuwa fundi baiskeli pale njia panda. Miaka ile ya mwanzo wa themanini fundi baiskeli alikuwa mtu mkubwa. Petroli haikupatikana, malori yalilala wiki nzima, na nchi ilibebwa na magurudumu mawili. Ila spea za baiskeli nazo hazikuwepo. Ukienda dukani ulikuta rafu na mwenye duka, mkasalimiana, ukarudi nyumbani. Kwa hiyo baba alishona tairi kwa waya, aliziba tyubu juu ya viraka vya zamani, na raba za breki alizichonga kutoka kwenye soli za makatambuga, zile ndala za matairi ya gari. Breki zake zilishika vizuri sana tambarare. Kwenye mteremko zilishika kidogo, kisha zikaanza kutoa moshi.

Asubuhi za Safari kufika kwetu mtaa mzima ulijua.

"Fundi!" alipiga kelele akiwa bado barabarani. "Umeamka, au leo makopa ya muhogo yamekulemea tumboni?"

"Nimeamka kwa harufu," baba alijibu bila kuinua kichwa. "Nikadhani kuna kitu kimekufa, kumbe Mdigo anakuja."

"Angalia baiskeli yangu. Gurudumu ulilolitengeneza linakwenda upande kama kaa."

"Gurudumu ni zima. Mwendeshaji ndiye kaa."

Walikwenda hivyo mpaka chai ikaletwa, na wakinywa chai walipumzika kidogo, kisha wakaendelea. Sijawahi kusikia wakiambiana neno jema. Nikiwa mdogo niliwahi kumwuliza mama kama baba na Safari ni maadui, naye akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

Kwa wasiojua, utani wetu una kazi yake kubwa siku ya msiba. Jeneza likiinuliwa, mtani hujitokeza akalizuia. Hulala njiani, huvaa kofia ya marehemu, huigiza mwendo wake, hudai deni ambalo halipo. Watu walioumia moyo hujikuta wanacheka, na wakishacheka ndipo wanapopata nguvu ya kubeba. Mtani mwenyewe haruhusiwi kulia mbele ya jeneza. Akilia, nani atawachekesha waliobaki? Na mtu akitolewa nyumbani kwake bila mtani mlangoni, ametolewa kama mpita njia asiye na mwenyewe. Baba na Safari walikuwa wameahidiana jambo hilo tangu wakiwa vijana: atakayetangulia, mwenzake atamzuia mlangoni.

Sasa nieleze kosa, maana bila kosa hilo Safari asingeshuka ule msitu namna alivyoushuka.

Mwaka mmoja kabla, sukari ilikuwa imepotea kabisa Muheza. Baba akatuma salamu Makorora kwamba Rahimu fundi amefariki, watani waarifiwe. Safari akahangaika mji mzima, akaomba huku na huku, kwa sababu hauendi kwenye matanga mikono mitupu. Akapata sukari. Akaendesha baiskeli kuja Muheza bila kupumzika, akaingia uani kwetu amebeba kifurushi kifuani, akamkuta baba amekaa mkekani na birika la chai mbele yake.

"Karibu na sukari," baba alisema. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Muheza nzima ilicheka kwa mwezi mzima. Safari alicheka pia, lakini kabla ya kuondoka alisimama mlangoni akanyoosha kidole. "Rahimu, sikiliza. Hata ukifa kweli, siji!" Baba akamjibu kwamba akifa kweli hatahitaji sukari, kwa hiyo asijisumbue.

Basi akafa kweli. Ilikuwa jioni, baada ya Magharibi, amekaa anafunga njiti za gurudumu la mtu. Alisema kifua kinambana, akaomba maji, na mimi nilipoleta maji hakuyanywa. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nimeshamaliza shule, na bado sikuelewa nilichokuwa nakiona. Mama ndiye aliyeelewa. Alimfunga taya kwa mtandio wake mwenyewe kabla majirani hawajaja.

Safari alikuwa Shebomeza. Mama alipomaliza kulia kwa mara ya kwanza, kitu alichosema ni hiki: "Mtafuteni Safari. Asipokuwepo sitamsamehe, na Rahimu hatamsamehe." Mchuma chai mmoja aliyekuwa anarudi kazini Amani alipewa salamu hizo, akapanda nazo mlima usiku uleule.

Asubuhi alimfikia mwenyeji wa Safari, Noa, Mshambaa mpole ambaye kwake Safari alikuwa akilala na kufanya biashara. Noa aliisikia habari, akaenda kuitoa taratibu, akianza na salamu ya asubuhi ya Kishambaa, kama mtu anavyomwambia mwenzake jambo zito.

"Safari, ndugu yangu. Onga makeo. Kaa chini. Rahimu wa Muheza amefariki."

Safari akaangua kicheko hadi kuku wakakimbia. "Amefariki tena! Na safari hii anataka nini, sabuni? Mwambieni sukari imekwisha. Mwambieni Mdigo hafi maji mara mbili kwenye kisima kimoja."

"Safari, mimi nimeambiwa..."

"Umeambiwa na wewe umeamini, kwa sababu Washambaa ni watu wa kweli. Humjui Mbondei huyo!"

Akaendelea kupima papa na kuchagua iliki. Kila mteja aliyekuja alisimuliwa kisa cha sukari, na wote wakacheka naye. Aliponisimulia sehemu hii miaka ya baadaye, sauti yake ilikuwa inashuka hapa, na mimi sikumtania. Kumcheka baba yangu akiwa amelala maiti kulimwuma kuliko majeraha yote aliyoyapata baadaye siku hiyo.

Jua lilikuwa limeshapanda Noa aliporudi. Hakutaka kugombana; aliuliza tu.

"Hivi wewe, unayezunguka huku na huku, hujui mtu mwenye bafta? Yule mchuma chai anauliza kila nyumba. Anasema Muheza hakuna sanda."

Safari akaweka mzani chini.

Miaka ile hata sanda ilikuwa ya kutafutwa. Watu walizikwa kwa mashuka, na wengine kwa vipande vilivyoshonwa pamoja. Mtani anaweza kutania kifo, anaweza kutania jeneza, anaweza kutania hata kaburi. Sanda haitaniwi. Hakuna Mbondei wala Mdigo ambaye angetuma mtu azunguke milima akiulizia bafta kwa mzaha.

"Wanazika lini?" Safari aliuliza.

"Leo, Alasiri."

Sanda yenyewe ilikwishapatikana wakati huo, ila kule juu hawakujua. Mama Rehmatbai, mke wa Hasanali mwenye duka pale mjini, alikuja kwetu na kitambaa kipya cheupe kilichokunjwa vizuri, chenye harufu ya udi. Alikuwa amejiwekea mwenyewe, kwa siku yake. Alimpa mama mkononi akasema, "Mimi bado nipo, Mboni. Yeye anakitaka leo." Sitamsahau mama yule mpaka nami nihitaji changu.

Kule Shebomeza, Safari aliulizia gari. Hapakuwa na gari. Lori la chai lilikuwa limepaki halina dizeli. Barabara ya magari ilikuwa inazunguka mlima kwa mapindi marefu, na mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza tope la utelezi. Kulikuwa na njia nyingine ya mkato, iliyoteremka moja kwa moja ndani ya msitu wa hifadhi mpaka Sigi chini, njia ya miguu ya watu wa zamani. Watu waliitumia kwa kushikilia mizizi. Mwenye baiskeli aliibeba begani.

"Nitashuka na msitu," Safari alisema.

"Kwa miguu hutawahi," Noa alisema.

"Nani kasema kwa miguu?"

Noa akaziangalia zile breki za makatambuga, akatikisa kichwa. Kisha alitaka kulishusha gunia la papa ili baiskeli iwe nyepesi. Safari akakataa. Baiskeli bila mzigo nyuma, kwenye mteremko wa mawe, inarukaruka kama mbuzi na kukumwaga. Mzigo ndio unaoikalisha chini. Akafunga tena gunia la papa aliyebaki na gunia la iliki, akakaza mipira, akakunja suruali. Nyuma ya keria akafunga kamba, na kwenye kamba akafunga tawi kubwa lenye majani. Huo ndio ujanja wa wapanda milima wote wa kwetu: tawi hukokotwa nyuma, linakamata ardhi, baiskeli inapunguza mwendo. Akasema bismillahi, liwalo na liwe, akaingia msituni.

Mimi mwenyewe nimeipita njia ile kwa miguu, nikiwa mtu mzima, ili nijue ni kiasi gani alikuwa anaongeza chumvi. Mwanzo wake ni mzuri. Ardhi ni laini, majani yameoza kwa miaka, miti imepanda juu mpaka shingo inauma kuitazama. Mbega wanakutazama wakiwa wamekaa na makoti yao meupe mabegani. Baada ya hapo mlima unaanguka. Njia inakuwa ngazi za mizizi, mizizi yenyewe imelowa, na kila ngazi ina urefu wake. Nilikaa chini pale nikasema, la, hapa Safari amedanganya. Kisha nikaona kwenye jiwe moja mchubuko wa zamani wa chuma, nikalirudisha neno langu.

Alishuka zile ngazi amesimama juu ya pedeli, makalio nyuma ya kiti, karibu ayaguse magunia. Aliniambia siri yake ni kutolitazama gurudumu. "Ukitazama gurudumu utaanguka kwenye gurudumu. Tazama unakokwenda, magoti yawe laini, na baiskeli iache icheze, wewe usicheze nayo." Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka meno yanagongana. Lakini alikuwa anashuka, na kila ngazi aliyoimaliza ilimwongezea kiburi. Mdigo wa ufukweni, ambaye kilima kirefu cha kwao ni tuta la mchanga, alikuwa anashuka Usambara kwa baiskeli ya mizigo. Alianza kumtukana baba kwa sauti. "Rahimu! Unaona? Ulisema mimi kaa! Kaa anashuka hivi?"

Hapo chini kidogo, kwenye kona, alikuwa amesimama Asheri, askari wa msitu, na panga lake na kofia yake ya kazi. Kukata tawi bichi ndani ya hifadhi kulikuwa kosa, na Safari alikuwa anakokota ushahidi mzima nyuma yake, na majani yake yote.

"Simama!" Asheri alipiga kelele.

"Siwezi!" Safari alijibu, na ilikuwa kweli tupu. "Pisha, afande! Nina maiti Muheza! Nitakuja kukamatwa Jumatatu!"

Asheri akaruka kando, akaangukia kwenye vichaka. Niseme tu kwamba Jumatatu iliyofuata Safari alipanda Amani, akaenda mpaka kwenye kibanda cha Asheri, akanyoosha mikono afungwe. Asheri alimpa uji.

Tawi halikudumu. Lilinasa kwenye mzizi, kamba ikakatika kwa mlio, na baiskeli ikajikuta huru. Safari akabana breki. Zikashika, zikalia, zikaanza kunuka mpira wa kuungua, na moshi ukamjia usoni. Kisha upande wa kulia soli ya katambuga ikaisha, chuma kikasaga rimu. Akateremsha kisigino akakibana kwenye tairi la nyuma. Ndala ikaliwa, ngozi ya kisigino ikafuata. Huko chini kulikuwa na kijito na juu yake gogo la kuvukia. Safari alikuwa anaapa kwamba aliuvuka mto kwa juu ya gogo, wima, baiskeli inakwenda. Mimi ni mtani wake, sithibitishi. Ninachothibitisha ni kwamba gunia moja lilifika Muheza limelowa maji, na papa waliokuwa ndani walikuwa wameanza kuwa samaki wabichi tena.

Ng'ambo ya kijito palikuwa na tunda la msambu limeanguka katikati ya njia, kubwa kama tikiti. Gurudumu la mbele likalipanda. Safari akaruka juu ya usukani, akatua kwa bega, akabiringika mpaka mti ukamzuia. Alipoinuka damu ilikuwa inamtoka kwenye muundi, na gurudumu la mbele lilikuwa limepinda namna ambayo halikuweza kuzunguka.

Hapa ndipo angeweza kusema basi, nimejaribu. Watu wangemwelewa. Alikaa kwenye majani akatazama lile gurudumu, na akaona zile njiti alizofunga baba wiki moja kabla, moja moja, kwa koleo lake lenye meno yaliyoisha. Ndipo alipoamini. Mpaka wakati huo, aliniambia, kuna sehemu ya roho yake ilikuwa inategemea kufika Muheza na kumkuta Rahimu amekaa mkekani, birika mbele yake. Kwenye ule ukimya wa msitu, maji yanapita, tegemeo hilo likamtoka. Akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, mikono kichwani, kwa sababu huko hapakuwa na mtu wa kumzuia, na kwa sababu alijua mbele ya jeneza hataruhusiwa.

Alipomaliza, akaosha uso kijitoni. Akalitoa gurudumu, akaliingiza kati ya miti miwili iliyoota karibu karibu, akalisukuma kwa mguu kama alivyomwona baba akifanya mara nyingi kwenye nguzo ya kibanda chetu. Unasukuma kidogo, unalitoa, unalizungusha mbele ya jicho, unasukuma tena. Baba alikuwa akimwambia, "Mdigo, wewe ukinyoosha unapinda. Polepole!" Safari akalinyoosha polepole. Halikunyooka sawasawa, lakini lilizunguka. Akafunga, akapanda, akamaliza msitu.

Kutoka Sigi barabara ni ya kawaida, na ya kawaida haina cha kusimulia. Alipiga pedeli.

Nyumbani kwetu maiti ilikwishakoshwa na kukafiniwa. Wanaume walijaa uani, wanawake tulikuwa chumbani na mama. Mwalimu wa msikiti alisimama akatazama jua. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuupenda utani misibani. Alikuwa akiuita ujahili. Baba mdogo akamwomba asubiri kidogo, kuna mtani anangojwa.

"Maiti haiwekwi kwa ajili ya mtani," mwalimu alisema. "Tumekwishangoja sanda. Inueni."

Mama alikuwa ameketi chini, uso kwenye magoti. Aliposikia "inueni" aliinua kichwa akanitazama, na jinsi alivyonitazama ilinichoma kuliko kifo chenyewe. "Anatoka hivihivi," alisema. "Kama mtu asiye na watu."

Jeneza likainuliwa. Takbiri ikaanza. Watu wakasogea kuelekea barabarani, na mimi nikasimama dirishani kwa sababu sikuweza kukaa.

Ndipo tukasikia kelele kutoka kwenye mteremko wa kuingilia mjini. Mwanzo tulisikia chuma kinasaga, halafu sauti ya mtu.

"Pisheni! Pisheni, Wabondei! Sina breki!"

Wale wabebaji wakasimama. Mtu mmoja mwekundu kwa tope toka utosini hadi unyayoni, ndala moja mguuni, magunia mawili yanaruka nyuma yake, alikuwa anashuka moja kwa moja kuelekea kwenye jeneza. Walio mbele wakaruka kulia, waliofuata wakaruka kushoto. Safari akakwepa jeneza, akapita katikati ya mwalimu na baba mdogo, akagonga rundo la machungwa la jirani, na machungwa yakatawanyika uani huku yeye akiteleza juu yake kwa tumbo. Akaishia hapohapo, mbele ya miguu ya wabebaji, kifudifudi.

 Kisha mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia. Akacheka wa pili. Halafu uani kote watu walicheka, wazee kwa vijana, wengine wameshika mbavu, wengine wanafuta machozi ya aina mbili kwa wakati mmoja. Alikuwa ameifanya kazi yake kabla hajaianza.

Safari hakuinuka. Aligeuka chali, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

"Sitoki," alisema. "Mimi ndiye maiti. Huyo mliyembeba anajifanya. Nimemzoea, mwaka jana alikula sukari yangu kwa mtindo huuhuu. Mtikiseni muone kama hatacheka."

"Safari, ondoka," mwalimu alisema, lakini mdomo wake ulikuwa unamsaliti.

"Nitaondoka Wabondei wote waliopo hapa wakikiri jambo moja. Nimeshuka msitu wa Amani kwa baiskeli, kwa breki alizochonga huyu fundi wenu feki. Semeni: Mdigo ndiye bingwa."

"Mdigo ndiye bingwa!" uani ukaitika.

"Sijasikia. Na yeye aseme."

Kicheko kikakatika. Nilimwona Safari amefumbua macho anatazama chini ya lile jeneza, na midomo yake ikaanza kutetemeka. Akaibana kwa meno. "Basi," alisema haraka, "Mbondei akishindwa hana la kusema." Akainuka, akamsogeza mbebaji wa mbele upande wa kulia, akaweka bega lake lililochubuka chini ya jeneza, na takbiri ikaendelea.

Nikageuka. Mama alikuwa amefunika uso kwa khanga na mabega yake yanatikisika. Nikamkimbilia nikidhani amezidiwa. Nikamfunua, nikakuta anacheka. "Sina breki," alisema, akapaliwa na kicheko, na kicheko kikageuka kilio, na hicho kilikuwa kilio kizuri cha kwanza tangu jana.

Waliporudi kutoka makaburini wageni walikula, wakasoma, wakaanza kuondoka. Safari hakula. Alioga kisimani, akafungwa mguu, akaja akakaa kwenye baraza, mgongo kwenye ukuta wa chumba cha mama, chini ya dirisha. Mama alikuwa amekwishaingia edani. Haonani na mwanamume asiye wake. Lakini sauti inapita.

"Shemeji," Safari alisema. Hakuwa na ile sauti yake ya barabarani. "Nilicheka, shemeji. Nilipoambiwa, nilicheka nusu ya asubuhi."

Akasogeza mguu uliofungwa, akaendelea.

"Kazi nimeifanya. Sijalia mbele yake. Lakini sasa nitafanyaje? Wiki ijayo nikiingia Muheza na papa wangu, nani ataniambia nanuka? Watu wote watanipa pole. Watanisalimia kwa heshima. Shemeji, mimi sitaweza kuishi na heshima."

Nilikuwa nimekaa karibu na mama. Aliegemea ukuta, upande wa ndani, na nadhani migongo yao ilikuwa imetenganishwa na udongo tu. Alifumba macho. 

"We Mdigo," alisema. "Hujui kuendesha baiskeli."

Nikamsikia Safari akigeukia ukuta.

"Mtu mzima unashuka mlima kwa tumbo. Umemwaga machungwa ya watu, umemtia mwalimu majaribuni, na papa wako umewarudisha baharini. Wanipikia msiba ama wanipikia mchuzi? Toka dirishani pangu, wanuka. Marehemu mwenyewe amekubali kuzikwa upesi kwa sababu yako."

Nikasikia Safari anacheka. Alicheka taratibu, kisha akalia waziwazi, bila kujificha, maana sasa kazi ilikuwa imekwisha na alikuwa na ruhusa.

"Ahsante, shemeji," alisema, na hakusogea pale dirishani mpaka giza lilipoingia.